Basi la Mahujaji na Ziwa Linalovuja

Mama yangu alikuwa ameshapita miaka sabini alipotaka kuvuka mpaka wa nchi kwa mara ya kwanza. Aliniambia tukiwa nyumbani kwake Mbulumbulu, tumekaa juu ya magunia ya mahindi tuliyokuwa tumemaliza kuyafunga. Ilikuwa asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba la ngano, na miti ya mpakani ilionekana vichwa tu, kama watu wanaooga. Hakuanza kwa kutaja Uganda wala hija. Alianza na maji.

"Wewe unayewatembeza wageni kila siku," akaniuliza, "umewahi kuona ziwa linalovuja?"

"Linavujaje, aayo?" Aayo ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mama.

Akanisimulia. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wao alichora Ziwa Victoria ubaoni, duara kubwa lililopindapinda, kisha kwa juu akachora mstari unaotoka na kwenda zake. Akasema pale panaitwa Jinja, na ule mstari ni mto Nile, unatoka ziwani na kusafiri mpaka Misri. Mama hakuamini. Maziwa aliyoyajua yeye hayakuwa na tabia hiyo. Manyara, Eyasi, hata lile la magadi chini kabisa ya kreta ya Ngorongoro, yote yanapokea mito na hayatoi hata tone. Maji yanafika, yanakaa, jua linayanywa, inabaki chumvi. Akanyoosha mkono akauliza: kama ziwa limetoboka, kwa nini haliishi? Darasa zima likacheka, na mwalimu akamwambia akae chini. Mwaka ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake shuleni. Baadaye alilima, aliolewa, alizaa watoto sita, alimzika baba yetu, na miaka yote hiyo lile swali lilikaa naye bila kumwambia mtu.

"Nataka nikaone kwa macho yangu," akasema. "Kabla miguu haijakataa."

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilisema tutaona, neno ninalowaambia wageni wanaponiuliza kama leo tutampata faru.

Wiki chache baadaye likasomwa tangazo kanisani. Parokia ingekodi basi kwenda hija Namugongo, Uganda, walikouawa mashahidi wa imani, mwanzoni mwa Juni, na wanaotaka wajiandikishe kwa mwenyekiti wa safari. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu aliyenyooka, ambaye hata baada ya kustaafu alitembea na filimbi shingoni. Mama aligeuka kwenye benchi lake akanitafuta kwa macho upande wa wanaume. Nikatazama pembeni.

Mimi nilikuwa na sababu zangu. Nimeendesha magari ya watalii kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiwachukua Karatu, kuwapandisha geti la Lodoare, kuwashusha kreta na kuwarudisha loji jioni. Nimewaona wasafiri wa kila aina. Wanaokuja kwa makundi wanafika magari sita kwa mpigo, kofia za rangi moja, ratiba mfukoni. Geti alfajiri, simba kabla ya saa nne, chakula cha mchana kando ya bwawa la viboko, saa tisa juu. Mtu anauliza jina la ndege, kabla sijamaliza kumjibu kiongozi wao anaangalia saa. Mara nyingi niliwaonea huruma, ingawa wenyewe walionekana wamefurahi.

Na aliwahi kunijia mwanamke mmoja wa Kizungu, mtu mzima, peke yake, amefika Karatu kwa basi la abiria akiwa na begi moja la mgongoni. Alitaka gari kwa siku moja tu. Tulipofika kwenye ule msitu wa migunga ya njano chini ya kreta, akaniomba nizime injini. Tukakaa. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka ukingoni taratibu kama maziwa yanayomwagika, ukifika nusu ya ukuta unapotea. Tembo dume mzee akaja, akasimama karibu nasi, akasinzia akiwa amesimama, na masikio yake yakapunguza kupepea mpaka yakatulia kabisa. Sisi nasi tukasinzia. Sijui tulikaa saa ngapi. Tulipotoka pale hatukuwa tumeona simba hata mmoja, na yule mgeni alinishukuru mara mbili. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba siku nikisafiri mimi, nitasafiri hivyo.

Kwa hiyo nilipoamua kumpeleka mama, nilitaka twende wawili tu. Tupande mabasi ya kawaida, tushuke anapotaka, tulale anapochoka. Nikaenda Mbulumbulu na simu yangu kumwonyesha ramani.

"Basi la parokia linapita Jinja lakini halisimami," nikamwambia. "Nimemuuliza mwenyekiti. Ratiba imebana."

"Linapita juu ya mto?"

"Linapita darajani. Ni dakika moja, aayo."

"Dakika moja inatosha kuona maji." Akaendelea kuchambua maharage. "Na tukienda sisi wawili, nani ataimba?"

"Kuimba?"

"Njia yote ile. Mimi na wewe tutazungumza mpaka Arusha, maneno yatakwisha. Halafu?"

Tulivutana hivyo kwa wiki nzima. Kila niliposema uhuru, yeye alisema watu. Nilimwambia kwenye kundi hutaki kitu chako, unataka cha wote. Akaniambia nimekaa na wageni mpaka nimeanza kuona watu ni mzigo. Mwisho wa maneno ni kwamba niliikuta orodha imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya parokia. Mama alikuwa namba kumi na nane. Namba kumi na tisa nilikuwa mimi. Hakuwa ameniuliza.

Tukapiga picha za hati ya kusafiria kwenye studio moja Karatu mjini, mpiga picha akimsihi mama asicheke, naye kwa kusihiwa akazidi kucheka. Tukachomwa sindano ya homa ya manjano, tukapewa kadi. Mwenyekiti akakusanya karatasi zote za kila mtu kwenye faili moja kubwa la bluu, akaliweka kifuani, na hakuliachia tena.

Tuliondoka Karatu alfajiri ya siku ya kwanza. Ile njia ya kuteremka Mto wa Mbu ninaijua kwa mwili, kila kona. Lakini sikuwa na usukani. Nilikaa kiti cha dirishani, na kila basi lilipoingia kona mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo. Chini, Ziwa Manyara lilikuwa bado la kijivu, halijaamua kama ni maji au ni anga. Wanawake nyuma walianza wimbo kwa sauti ndogo, wa kuamkia, kisha basi zima likaupokea. Nikajikuta macho yamefumba. Kwa miaka ishirini nilipita pale nikiwa macho kwa niaba ya watu wengine. Siku ile nilipita kama mtoto anayebebwa.

Mama alikaa na mwanamke wa kijiji cha Qurus, mjane kama yeye, ambaye hakuwa amewahi kuonana naye. Kabla ya Makuyuni walikuwa wameshajuana ng'ombe, watoto na magoti. Walicheka Kiiraqw chao njia nzima. Kila tuliposimama, Namanga, Nairobi, Nakuru, mwenyekiti alipuliza filimbi.

"Dakika kumi na tano! Wenye mahitaji wamalize! Atakayechelewa ataniona!"

Nilimtazama akituhesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza, nikatamani kucheka. Ilikuwa sauti yangu kabisa. Nami huwahesabu wageni hivyo hivyo, kwa kidole, wakidhani ninawapungia.

Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa njiani, siku ya pili tukavuka mpaka wa Uganda mwenyekiti akiwa mbele na faili lake la bluu. Alizungumza na maafisa, sisi tukakaa kivulini tukila mahindi ya kuchoma. Sikuulizwa chochote. Muhuri uligongwa na mtu niliyemwona mgongo tu.

Jinja tuliifikia alasiri. Jua lilikuwa upande wangu, mabonde yote ya miwa yanang'aa, na joto lilikuwa limewalaza watu. Nikaona nyaya ndefu nyeupe za daraja zikitokea mbele kama kitu kilichofumwa hewani. Mama alikuwa amelala, kichwa juu ya bega la yule wa Qurus, mdomo wazi kidogo. Nilijua natakiwa kumwamsha. Niliinua mkono. Lakini usingizi wake ulikuwa mzito na mzuri, na chini yetu maji yalikuwa mapana, ya kijani, yametulia mno kiasi kwamba hata mimi sikuweza kusema yanaelekea wapi. Nikayatazama. Nilipozinduka tulikuwa ng'ambo na miwa imeanza tena.

Mama akafumbua macho.

"Tumefika?"

"Tumepita, aayo."

Akageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na kitu ila barabara. Hakunikaripia, na hilo lilinichoma kuliko karipio. Alifunga vizuri kilemba chake, akamuuliza mwenzake kama kuna maji ya kunywa.

Namugongo ilikuwa bahari ya watu. Wengine walikuwa wametembea kwa miguu wiki nyingi kutoka kwao. Tulilala kwenye mikeka chini ya turubai, tuliimba, tulipanga foleni ya kila kitu. Mama alipiga magoti kwenye nyasi zilizokanyagwa zikawa vumbi, akalia kwa muda mrefu, na sikumuuliza analia nini. Yule wa Qurus alimshika mkono. Nilisimama nyuma yao nikaelewa kwamba kama tungekuja wawili, mkono ule usingekuwepo, maana mimi mwenyewe nisingejua kuutoa. Hilo nalikiri.

Siku ya mwisho, watu wakifungasha, mama akanijia na mfuko wake umeshafungwa.

"Kesho tukifika Jinja," akasema, "tushuke."

"Basi halisimami, aayo."

"Litasimama. Zungumza na mwalimu."

Nikaenda. Mwenyekiti alikuwa anapanga mifuko kwenye buti la basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta mikono.

"Nimetoka na watu arobaini na tisa," akasema. "Nirudi na arobaini na saba?"

"Mimi ni mtu mzima, mwalimu. Na hii ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kwenye kreta. Huku unamjua nani?"

"Simjui mtu."

"Mkiumwa je? Mkipotea?"

Mama, ambaye alikuwa amenifuata bila mimi kujua, akasema kwa upole, "Mwalimu, nilikuwa na swali darasa la nne. Sikujibiwa."

Wakatazamana. Sijui mwalimu alisikia nini ndani ya maneno yale. Alifungua faili, akatoa hati zetu mbili, akaniandikisha karatasi kwamba tunajitenga na kundi kwa hiari yetu, nikasaini. Kesho yake basi lilisimama kituo cha mafuta pembeni mwa Jinja. Yule wa Qurus alimpa mama kanga yake. Filimbi ikalia mara moja, fupi. Basi likaondoka na wimbo ukiwa ndani yake, na wimbo ulipoisha kusikika nilijua kwa mara ya kwanza jinsi tulivyokuwa tumezungukwa.

Tulibaki wawili kando ya barabara, mfuko mmoja mmoja. Nilitegemea nitafurahi. Nilichokihisi ni woga mdogo, kama wa mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoikumbuka.

Mama hakutaka bodaboda, kwa hiyo tulitembea. Mji ule una barabara pana zenye miti mikubwa na nyumba za zamani zenye vibaraza, na mchana ule hapakuwa na watu wengi. Tulitembea polepole kwenye vivuli. Nilipomuuliza kijana wa dukani njia, alinijibu kwa Kiganda, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaelewana kwa mikono. Tukapata nyumba ya kulala wageni ya mama mmoja mnene, mwenye sauti laini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Kuja," alituambia. "Lala. Chakula iko." Akatupa matoke na samaki mzima, mkubwa kama kiatu changu. Mama alimla mpaka kichwa.

Asubuhi tukaenda mtoni. Tulipata mwenye boti, mzee kidogo kuliko mimi, ambaye aliwahi kufanya kazi Mombasa na alizungumza Kiswahili kizuri. Alitaka kutuanzishia maelezo yake ya wageni, nikaona ameshavuta pumzi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu mama anataka kuona maji yanapotokea. Basi."

Akatupeleka. Upande mmoja ziwa lilikuwa limefunguka halina mwisho, rangi ya bati, na upande mwingine kingo mbili za miti zilikuwa zimekaribiana. Ndege weusi wamekaa juu ya mawe wameanika mabawa. Alipofika mahali fulani akazima mashine. Boti likaelea kimya. Nikadhani limesimama, kisha nikaona mti wa ukingoni unatuacha.

Mama aliutazama ule mti kwa muda. Akachuma jani kwenye kishada cha majani makavu kilichokuwa kinaelea, akaliweka juu ya maji kwa uangalifu kama anayelaza mtoto. Jani likazunguka mara moja. Likakaa. Halafu likaanza kwenda, halina haraka, likatupita, likaelekea kule penye kingo mbili.

"Linaondoka," mama akasema kwa Kiiraqw.

"Linaondoka, aayo."

"Na huku halipungui?" akamuuliza mwenye boti kwa Kiswahili, akionyesha ziwa.

"Mama, mito mingi inaingia. Na mvua. Linatoa, linapewa."

"Hilo jani litafika lini huko mwisho, baharini?"

"Wanasema maji yanatembea miezi mitatu."

Mama akahesabu kimoyomoyo. "Miezi mitatu," akasema. "Maharage yanakuwa yameiva."

Aliingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko akauacha humo. Uso wake haukuwa wa furaha kubwa niliyoitegemea. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyeketi baada ya kusimama muda mrefu. Mwenye boti aliniangalia kuuliza kama turudi, nikatikisa kichwa. Tukaelea.

Nilidhani baada ya hapo tungeondoka. Mama akasema bado. Siku ile tulikaa ukingoni, ya pili vilevile. Hapakuwa na wa kutuambia saa, na siku zilipoteza kingo zake. Nilikunywa chai, nikasinzia, nikaamka jua likiwa limehamia mti mwingine. Wavuvi walipita bila sauti. Mara mbili nilinyanyuka kumhesabu mama, nikacheka peke yangu. Mtu mmoja hahesabiki.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka kitanda chake kikiwa kimetandikwa na yeye hayupo.

Nikaenda uani. Hayupo. Bafuni, barazani, barabarani, hayupo. Yule mama mwenye nyumba naye hakuwepo. Nikatembea haraka kuelekea mtoni, kisha nikakimbia. Mahali petu ukingoni palikuwa patupu, na maji yalikuwa yanapita vilevile, mazuri, yasiyojali. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sijawahi kupoteza mgeni. Nimewatoa kwenye matope, nimewabeba wakiumwa, lakini kupoteza, hapana. Nilisimama pale nikasikia sauti ya mwalimu ikiniuliza huku unamjua nani. Nikamwita kwa sauti. "Aayo! Aayo!" Watu wawili waliokuwa wanafua waligeuka, na hakuna aliyelijua neno lile.

Nilirudi nikiwa nalia bila kujificha. Nilipopita nyuma ya nyumba kwa njia ya mkato, nikasikia jembe. Kulikuwa na kishamba kidogo nyuma ya migomba, nami sikuwahi kukiona. Mama alikuwa ameinama, ile kanga ya yule wa Qurus imefungwa kiunoni, anachimba mashimo kwa mstari ulionyooka kama uzi. Mwenye nyumba alikuwa anamfuata nyuma akidondosha mbegu. Walikuwa wanazungumza. Mmoja anasema Kiiraqw, mwingine anasema lugha yake, na kila mmoja akimaliza mwingine anaitikia.

"Umeamka," mama akaniambia. "Hawa wanapanda karibu karibu mno. Namwonyesha."

Nikakaa kwenye udongo. Akauona uso wangu, akaacha jembe.

"Ulidhani nimekwenda wapi?"

"Sijui."

"Mimi nipo, mwanangu," akasema, na akanipangusa kwa mkono wenye udongo, kana kwamba nina miaka mitano. Kisha akarudi kwenye mstari wake, maana jua lilikuwa linapanda.

Tuliondoka kesho yake, mama akiwa na mbegu za maharage yao mfukoni mwa gauni. Njia ya kurudi haikuwa na wimbo. Basi la abiria lilijaa watu wenye safari zao, na mama alikaa akitazama nje, mara nyingine akigeuka upande ambao yule wa Qurus angekuwa. Mpakani tulipanga foleni wenyewe. Nilikuwa nimejiandaa, hati mkononi, nikijiona hodari. Afisa wa afya akanyoosha mkono.

"Kadi za chanjo."

Nikapekua begi. Nikapekua la mama. Ndipo nikaliona mbele ya macho yangu lile faili la bluu, likiwa Karatu, na kadi zetu ndani yake. Mwalimu alinipa hati. Kadi hakukumbuka, wala mimi sikukumbuka. Tuliwekwa pembeni kwenye benchi. Basi letu lilisubiri kidogo, likashusha mifuko yetu, likaenda. Mama aliketi ameshika mfuko magotini, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nilimwona amechoka, mdogo.

Nikawasha simu, nikampigia mwalimu. Haikuita mara mbili.

"Nilijua utapiga," mwalimu akasema. "Niliziona kadi nilipofika nyumbani. Nakupigia siku tatu hupatikani."

"Niliizima simu, mwalimu." Nilikuwa nimeizima kwa makusudi, ili niwe huru. Sikumwambia hilo.

"Mama mzima?"

"Mzima."

"Ameona?"

"Ameona."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Subiri hapo."

Picha za kadi mbili zikaingia kwenye simu, zimepigwa mezani kwake, kwenye kitambaa chenye maua. Afisa alizitazama, akaongea na mkubwa wake, tukangoja tena, mwisho akatuandikia karatasi na kutupungia mkono tupite. Tulipanda basi jingine alasiri. Mama aliniegemea akalala kabla hatujatoka mjini, na safari hii nilikaa macho.

Karatu tuliingia siku ya pili yake, mchana wa mawingu, baridi ya Juni imeshuka mpaka barabarani. Nilirudi kazini wiki ileile. Wageni huniuliza, wanapojua kwamba nami nimesafiri, kipi bora, kwenda na kundi au kwenda peke yako. Naona wanataka nichague. Huwa nawaambia habari za mama na jembe, na wanacheka, na wanadhani nimewajibu.

Jumapili moja baadaye parokia ilibandika picha kubwa ya mahujaji. Ilipigwa wakati wa kurudi, Nakuru, mbele ya basi, watu wote wamepangwa safu tatu, mwalimu pembeni na filimbi yake, yule wa Qurus katikati bila kanga. Tulikwenda kuitazama baada ya misa. Mama alipitisha kidole kwenye nyuso, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudia tena tangu mwanzo.

"Mimi hapa nilikuwa wapi?" akaniuliza.

"Ulikuwa Jinja, aayo. Umekaa ukingoni."

Akafikiri. Watu walipita nyuma yetu wakisalimiana, mvua nyepesi ilianza kugusa bati la kanisa.

"Ningependa niwe hapa pia," akasema, akaacha kidole chake kwenye nafasi ndogo iliyobaki kando ya yule mwanamke wa Qurus.